Ugonjwa Ulioingia kwa Njia ya Mauzo: Uchambuzi wa Kisa cha Homa ya Nguruwe ya Afrika katika Shamba Moja

## Kisa hiki kinahusu nini

Shamba linaloelezwa hapa lilipoteza nguruwe wake wote kwa homa ya nguruwe ya Afrika, likaanza upya, na baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa likasalimika ugonjwa huohuo ulipozuka tena katika mashamba jirani. Mwenye shamba ameridhia kisa chake kitumike kufundishia kwa sharti kwamba hatatambuliwa, kwa hiyo majina, mahali na tarehe vimeondolewa, na idadi ya mifugo imetajwa kwa makadirio pale ambapo idadi kamili ingeweza kumfichua.

Kisa kina thamani kwa sababu shamba hili halikuwa la mfugaji mzembe. Lilikuwa na uzio wa waya, lango lenye kufuli, daftari la wageni na beseni la dawa la kukanyagia, yaani vitu ambavyo mkaguzi yeyote huvitafuta kwanza anapotaka kujua kama banda linalindwa. Hata hivyo vitu hivyo vyote vilikuwa kwenye njia iliyotumiwa na wageni waliokuja kusalimia au kutazama, ilhali wanunuzi, magari yao, kamba zao na nguruwe wenyewe walipita njia nyingine ambayo haikuwa na ulinzi wowote.

## Ugonjwa wenyewe

Homa ya nguruwe ya Afrika husababishwa na virusi vinavyowashambulia nguruwe wa kufugwa na nguruwe mwitu. Ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, ikafika Ureno mwaka 1957, Georgia mwaka 2007 na China mwaka 2018. Haimwambukizi binadamu na haina tiba. Nchini Vietnam zimeidhinishwa chanjo zinazotumia virusi vilivyodhoofishwa, lakini kwa wafugaji walio wengi duniani bado hakuna chanjo ya kutegemea, na kinga yao pekee ni kuzuia virusi visifike bandani. Katika maeneo ya Afrika yenye ngiri na kupe laini, wanyama hao huweza kuhifadhi virusi bila kudhurika, ingawa katika kisa hiki hapakuwa na dalili ya kuhusika kwao.

Kuna sifa mbili za virusi hivi ambazo msomaji anapaswa kuzikumbuka anapofuatilia matukio yatakayosimuliwa. Ya kwanza ni ugumu wake: huweza kuishi kwa miezi mingi katika damu iliyohifadhiwa kwenye baridi, kwa wiki nyingi katika nyama mbichi iliyopoozwa na kwa miaka katika nyama iliyogandishwa. Ya pili, ambayo wafugaji wengi hawaijui, ni kwamba pamoja na kuua karibu kila nguruwe vinayemwingia, havisambai kwa kasi kama virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo, ambavyo hubebwa na hewa hadi mbali. Huhitaji mgusano: damu, mate, kinyesi, mkojo, sindano, koleo, buti lenye tope. Dalili huonekana kati ya siku 4 na 19 baada ya maambukizi, na katika siku za mwanzo huweza kufa nguruwe mmoja au wawili tu huku wengine wakiendelea kula vizuri. Kipindi hicho cha utulivu ndicho humfanya mfugaji adhani kwamba ni sumu au chakula kibaya, na ndicho pia humpa nafasi ya kuzuia, kama atakitambua.

## Shamba kabla ya mlipuko

Shamba lilikuwa na nguruwe jike wapatao 20 wa kuzaa, madume 2, na pamoja na vitoto na nguruwe wa kunenepesha jumla ilikaribia 190. Mabanda yalikuwa manne: la kuzalia, la jike wenye mimba, la vitoto walioachishwa kunyonya, na la kunenepesha. Banda la kunenepesha lilijengwa karibu na barabara ili iwe rahisi kupakia, na lilikuwa na mlango wake mkubwa ulioelekea nje, tofauti na lango kuu. Wafanyakazi walikuwa wanne pamoja na msimamizi mmoja, na wote walihudumia mabanda yote kwa zamu, wakitumia toroli moja na makoleo yaleyale.

Chakula kikuu kilikuwa cha kuchanganya, na mara kwa mara kiliongezwa makombo kutoka jikoni za mikahawa, ambayo yalipashwa moto hadi kutokota kidogo na kuachwa yapoe. Mwenye shamba aliamini kwamba kupasha huko kulitosha.

Mauzo yalifanyika hivi: mnunuzi alipiga simu, akaja na gari, akaingia ndani ya banda la kunenepesha na msaidizi wake, akawapapasa nguruwe na kuwakadiria kwa macho, akachagua anaowataka, wakafungwa kamba na kupakiwa. Hapakuwa na mizani. Bei ilikubaliwa nguruwe wakiwa tayari wamefungwa au wameshapandishwa garini, jambo lililompa mnunuzi nguvu katika majadiliano na ambalo, kama itakavyoonekana, lilikuwa na gharama kubwa kuliko fedha.

## Mfuatano wa matukio

Siku ya mauzo, ambayo hapa inahesabiwa kuwa siku ya kwanza, mnunuzi alifika akiwa na nguruwe 4 garini aliowanunua kwingine. Baadaye ilifahamika kwamba waliuzwa na mfugaji aliyekwisha kupoteza mifugo kadhaa na ambaye alikuwa akiuza waliobaki kwa haraka na kwa bei ya kutupa. Mnunuzi na msaidizi wake waliingia bandani kwa viatu walivyokuja navyo, wakachagua nguruwe 11. Watatu wa mwisho walikuwa wamekwisha kupandishwa garini, wakisimama ubavuni mwa wale 4, pale mabishano ya bei yalipozuka. Hawakukubaliana. Wale watatu wakateremshwa na kurudishwa katika chumba chao, pamoja na wenzao 6 ambao hawakuguswa.

Siku ya 7, mmoja wa wale watatu aligoma kula na joto lake lilipopimwa lilikuwa zaidi ya nyuzi 41. Msimamizi alimchoma sindano ya antibayotiki, na kwa nia njema ya kuwakinga wengine akawachoma wote 9 wa chumba hicho kwa sindano ileile.

Siku ya 9 nguruwe yule alikufa. Wafanyakazi, wakishuku sumu, walimpasua nyuma ya banda ili watazame tumbo lake. Damu ilioshwa kwa maji na kutiririka katika mfereji wa wazi uliopita mbele ya vyumba vingine kabla ya kutoka nje.

Siku ya 16 walikuwa wamekufa 5, wawili kati yao kutoka chumba cha pili kilichopitiwa na mfereji. Waliokuwa hai walilundikana pembeni, masikio na ngozi ya tumbo vikiwa na wekundu ulioelekea zambarau, na mmoja alikuwa akiharisha damu. Hapo ndipo mwenye shamba alipompigia simu daktari wa mifugo. Daktari alichukua damu katika chupa zenye dawa ya kuzuia kuganda, pamoja na vipande vya wengu na tezi za limfu kutoka mzoga uliokuwa bado mbichi, akavifunga katika vifungashio vya tabaka tatu na kuvipeleka maabara ndani ya baridi.

Majibu yalirudi siku ya 21 yakithibitisha homa ya nguruwe ya Afrika. Kufikia siku hiyo ugonjwa ulikuwa umeingia pia banda la vitoto walioachishwa, ambalo halikuwa na uhusiano wowote na mauzo isipokuwa toroli na makoleo. Mamlaka ya mifugo iliamuru nguruwe wote waliobaki, wakiwemo jike waliokuwa na afya, wauawe na kuzikwa. Fidia haikuwepo.

## Maamuzi ya siku za kungoja majibu

Siku zile kati ya kuchukua sampuli na kupata majibu ndizo ninazoziona kuwa kiini cha kisa hiki, kwa kuwa mwenye shamba alikuwa na nguruwe zaidi ya 150 walioonekana wazima, mkopo wa chakula usiolipwa, na mnunuzi aliyekuwa tayari kuja usiku uleule. Kisheria alikuwa bado hajaambiwa lolote. Majirani wawili walimshauri auze, na ushauri wao haukuwa wa uovu: kila mmoja alijua kwamba serikali ikithibitisha ugonjwa, hakuna atakayelipwa.

Daktari hakumtisha kwa sheria. Alimwomba akumbuke nguruwe walioingia na kutoka katika wiki tatu zilizopita, wakachora pamoja kwenye karatasi, na mwenye shamba mwenyewe ndiye aliyefika kwenye wale nguruwe 4 waliokuwa garini. Alipoona kwamba msiba wake umetokana na mtu mwingine kuuza kwa haraka, aliamua kutouza. Uamuzi huo ulifanywa na mtu aliyekuwa akipoteza karibu kila kitu, na kwa kadiri tunavyojua uliwaokoa wafugaji kadhaa ambao gari lile lingepita kwao.

Maamuzi mengine yalifuata. Wafanyakazi waliombwa kulala shambani kwa malipo ya ziada, na mahitaji yao yakaachwa langoni, kwa sababu wawili kati yao walikuwa na nguruwe nyumbani. Mizoga haikupasuliwa tena. Ilizikwa nzima katika shimo refu lililo mbali na chanzo cha maji, ikafunikwa kwa chokaa na udongo, na juu yake yakawekwa mawe ili mbwa wasifukue. Kazi ya kulisha ilipangwa ianzie kwa walio wazima na kuishia kwa wagonjwa, bila kurudi nyuma. Hatua hii ya mwisho ilichelewa kuokoa vitoto walioachishwa, lakini banda la kuzalia na la jike wenye mimba hayakuwa na hata nguruwe mmoja aliyeonyesha dalili hadi siku walipouawa kwa amri. Hilo linaafikiana na ile sifa ya pili ya virusi iliyotajwa juu: ukuta, mwendo wa mtu mmoja na koleo tofauti huweza kuzuia ugonjwa hata ndani ya shamba lililokwisha kuambukizwa.

## Kusafisha na kurudisha mifugo

Usafishaji ulifuata mpangilio ambao wengi huufupisha. Kwanza kinyesi, matandiko na mabaki ya chakula viliondolewa vikiwa vikavu na kuzikwa au kuchomwa. Kisha kuta, sakafu na mifereji ilisuguliwa kwa maji na sabuni hadi saruji ikaonekana, ikaachwa ikauke kabisa. Baada ya hapo ndipo ilipopakwa dawa, ambayo hapa ilikuwa kostiki soda ya asilimia 2, kwa tahadhari ya glavu, miwani na buti kwa kuwa huunguza ngozi na macho. Baada ya muda wa dawa kufanya kazi, sakafu ilioshwa, ikakaushwa, na zoezi lote likarudiwa. Mabirika ya mbao na vizuizi vya mbao vilivyokuwa na nyufa vilichomwa, kwa sababu hakuna dawa inayoweza kuaminiwa kufika ndani ya ufa uliojaa mafuta na kinyesi.

Msisitizo juu ya sabuni na ukavu una sababu ya kikemia. Dawa nyingi za kuua vimelea hupotezwa nguvu na uchafu wa asili ya mnyama au mmea; klorini ikimwagwa juu ya kinyesi humalizwa na kinyesi hicho kabla haijafika kwenye virusi. Maji yaliyobaki sakafuni nayo huizimua dawa hadi chini ya kipimo kilichokusudiwa.

Mabanda yalikaa matupu kwa miezi mitatu. Kisha waliingizwa nguruwe wachache wa kupima, waliozungushwa katika kila chumba kwa muda wa wiki 6 na kuchukuliwa damu mwishoni. Majibu yalipoonyesha kwamba hawakuambukizwa, mwenye shamba alianza kununua jike wapya kutoka shamba moja tu, badala ya kuokoteza wachache wachache kwa wafugaji mbalimbali kama alivyofanya zamani. Kila kundi jipya lilikaa siku 30 katika banda la pembeni lenye vyombo vyake, likihudumiwa mwisho wa siku.

## Mpango mpya wa kuzuia

Kabla ya kununua kifaa chochote, msimamizi na wafanyakazi wote walikaa na mchoro wa shamba na kuchora kwa rangi tofauti njia ya kila kinachoingia na kutoka: nguruwe, watu, magari, chakula, maji, kinyesi, mizoga, vyombo, panya na mbwa. Mistari ilikusanyika mahali pawili, mlango wa banda la kunenepesha na jikoni palipopashwa makombo. Lango kuu, lililokuwa limegharimiwa zaidi, lilipitiwa na mistari michache sana. Kama kuna zoezi moja ambalo ningemsihi kila mfugaji alifanye kabla ya kutumia fedha, ni hilo, na lifanywe na wanaoshika koleo, kwa kuwa mwenye shamba mara nyingi huchora njia anazozidhania.

Mlango mkubwa wa banda la kunenepesha uliojengwa kuelekea barabarani ulizibwa kwa matofali. Kwenye uzio, mbali na mabanda, kilijengwa kipandio cha kupakilia chenye lango linalofunguka upande mmoja. Nguruwe waliokusudiwa kuuzwa huhamishiwa huko na wafanyakazi wa ndani, nao huishia kwenye mstari uliochorwa kwa rangi sakafuni; mnunuzi na watu wake huwapokea upande wa pili. Nguruwe akishavuka mstari harudi, hata kama bei haijakubaliwa. Ili sharti hilo lisiwe mzigo, mizani ilinunuliwa na bei ikawa inakubaliwa kwa uzito kabla ya siku ya kupakia, mnunuzi akitumiwa picha na uzito wa kila nguruwe kwa simu.

Mlangoni pa kila banda liliwekwa benchi la kukatiza njia. Anayeingia huketi, huvua viatu vya nje, hugeuza miguu upande wa ndani bila kukanyaga chini, kisha huvaa buti na ovaroli za banda hilo. Kila banda lina buti za rangi yake, koleo lake na ndoo yake. Beseni la dawa la langoni liliondolewa, na mahali pake pakawekwa brashi, sabuni na maji ya bomba, kisha ndoo ya dawa inayobadilishwa kila siku.

Makombo yaliachwa kabisa. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani huelekeza kwamba chakula cha namna hiyo kipashwe hadi nyuzi 90 kwa muda usiopungua dakika 60 huku kikikorogwa bila kukoma, na hesabu ya kuni na saa za kazi ilionyesha kwamba kwa kipimo hicho makombo hayakuwa tena chakula cha bei nafuu. Historia inaunga mkono tahadhari hii. Mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo nchini Uingereza mwaka 2001, uliosababisha kuuawa kwa mamilioni ya wanyama, ulifuatiliwa hadi shamba la nguruwe lililokuwa likilisha makombo yasiyochemshwa ipasavyo, na kuingia kwa homa ya nguruwe ya Afrika nchini Georgia kunadhaniwa kulitokana na masalia ya chakula kutoka melini.

Kuhusu upandishaji, mwenye shamba aliacha kuazima na kuazimisha madume. Alianza kutumia mbegu kutoka kituo kinachopima madume wake, kwa sababu mbegu za dume aliyeambukizwa nazo huweza kubeba virusi.

Kwa wafanyakazi, kanuni ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna anayeruhusiwa kufuga nguruwe nyumbani kwake. Kanuni hii, kama itakavyoelezwa, haikudumu.

## Jaribio la pili

Miezi 14 hivi baada ya mifugo kurudi, homa hii ilizuka tena katika eneo hilo na kuyaangamiza mashamba kadhaa ya jirani. Siku chache kabla habari hazijafika, mvua kubwa ilikuwa imejaza maji katika kipandio cha kupakilia, nguruwe wakagoma kupanda, na mfanyakazi wa zamu akamruhusu msaidizi wa mnunuzi avuke mstari ili asaidie kusukuma. Msaidizi yule aliingia hadi ukumbi wa banda la kunenepesha kwa viatu vyake.

Mfanyakazi aliripoti jambo hilo jioni ileile. Msimamizi hakumfukuza wala kumkata mshahara. Banda la kunenepesha lilitengwa kwa siku 21, mhudumu mmoja akawekwa kwa banda hilo peke yake, ukumbi ukasafishwa kwa utaratibu kamili, na joto la nguruwe likapimwa kila asubuhi kwa kuchagua wachache katika kila chumba, pamoja na yeyote aliyepunguza kula. Hakuna aliyeugua.

Taarifa za mlipuko zilipofika, shamba lilifunga mauzo na ununuzi. Kulikuwa na akiba ya chakula ya wiki kadhaa, jambo lililokuwa limeandaliwa, lakini nafasi haikuandaliwa: nguruwe waliofikia uzito wa kuuzwa waliendelea kukua, vyumba vikasongamana, mapigano na kung'atana mikia vikaongezeka, na walipouzwa hatimaye walikuwa na mafuta mengi na bei yao ikashuka. Mlipuko ulipotangazwa kuisha, shamba halikuwa limepata maambukizi hata mamoja.

## Uchambuzi

Haiwezekani kuthibitisha kwamba mpango mpya ndio ulioliokoa shamba. Huenda virusi havikufika kabisa kwenye uzio wake katika mlipuko wa pili. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika zaidi ni kwamba njia iliyotumika mara ya kwanza ilikuwa imefungwa, kwamba magari ya wanunuzi walewale yaliendelea kufika mpakani mwa shamba hadi siku ya kufunga mauzo, na kwamba mashamba jirani yaliyoendelea kuwaruhusu wanunuzi kuingia bandani yalikuwa miongoni mwa yaliyougua.

Hatua iliyofanya kazi vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni kuunganisha usalama na faida. Mizani na bei ya uzito vilimwongezea mwenye shamba mapato kwa sababu mnunuzi hakuweza tena kupunja makadirio, kwa hiyo sharti la kutorudisha nguruwe halikuhitaji kusimamiwa kwa ukali: mabishano ya garini yalikoma kwa kuwa hapakuwa na cha kubishania. Benchi nalo lilifaulu kwa sababu linaonekana. Mtu anaweza kupita kando ya beseni la dawa bila kutambuliwa, lakini hawezi kuvuka benchi akiwa na viatu vya nje bila kila aliyepo kumwona, na buti ya rangi ngeni ndani ya banda hujisema yenyewe.

Beseni la zamani lilishindwa kwa sababu ambazo zimeelezwa katika sehemu ya usafishaji, na inafaa zisisitizwe kwa kuwa mabeseni kama hayo yako kila mahali. Dawa yake ilibadilishwa mara moja kwa wiki, ilikuwa juani, ilikuwa na tope, na mtu aliikanyaga kwa sekunde mbili, ilhali dawa nyingi huhitaji dakika kadhaa, nyingine hadi 30, juu ya kitu ambacho kimekwisha kusuguliwa kikawa safi. Ubaya wake mkubwa ulikuwa kwamba lilimpa mwenye shamba utulivu wa moyo. Daftari la wageni lilikuwa na kasoro ya namna hiyohiyo: liliuliza jina na saa ya kuingia, wala halikuuliza lini mgeni aligusa nguruwe wa mahali pengine, ambalo ndilo jambo pekee lililohitajika kujulikana.

Kanuni ya kuwakataza wafanyakazi kufuga nyumbani ilivunjwa kimya kimya ndani ya miezi michache, na iligunduliwa kwa bahati tu. Kwa mfanyakazi wa kipato cha chini, nguruwe wawili nyumbani ni akiba ya ada ya shule na matibabu. Kumwambia awaache bila kumpa kitu badala yake ni kumtaka achague kati ya shamba la mwajiri na familia yake, na hapo jibu linajulikana. Kanuni ilibadilishwa. Anayefuga husema wazi, huoga na kubadilisha nguo zote anapofika kazini, na nguruwe wake wakiugua au akishiriki kuchinja hukaa nyumbani siku mbili kwa malipo kamili. Daktari wa shamba huwatazama nguruwe wa wafanyakazi bila malipo. Mpangilio huu una hatari zaidi kwenye karatasi kuliko marufuku kamili, lakini ndio uliomfanya yule mfanyakazi wa zamu aripoti kuvukwa kwa mstari jioni ileile, kwa kuwa alikwisha kuona kwamba ukweli hauadhibiwi.

Sharti la kuoga lenyewe lilisuasua mwanzoni. Bafu lilijengwa, ila maji yalikuwa ya baridi na pasipo mahali pa kutundika nguo safi, hivyo wakati wa baridi watu walilowesha nywele tu. Lilirekebishwa kwa kuweka maji ya moto, taulo na makabati, na tangu hapo halijahitaji mlinzi.

Makosa ya siku ya 7 na ya 9, yaani sindano moja kwa nguruwe 9 na kupasua mzoga juu ya mfereji, yalikuwa na athari kubwa kuliko ule uambukizo wa kwanza. Nguruwe watatu waliosimama garini wangeweza kuishia kuwa wagonjwa wa chumba kimoja. Sindano na mfereji vilichukua virusi, ambavyo kwa tabia huenda polepole, vikavipa usafiri. Sasa shamba hutumia sindano mpya kwa kila nguruwe mgonjwa, na mfanyakazi yeyote ana ruhusa ya kumpigia daktari simu bila kumuuliza msimamizi pale nguruwe wawili wa chumba kimoja wanapopata homa au mmoja anapokufa ghafla.

Jambo lililobaki bila ufumbuzi ni gari. Kipandio kimemzuia mnunuzi asiingie, lakini gari lake bado hutoka shamba moja hadi jingine likiwa na kinyesi na matandiko ya kutwa nzima, na hakuna mfugaji mmoja anayeweza kumlazimisha alioshe, kwa kuwa mnunuzi huyo ataenda tu kwa jirani asiyedai hivyo. Wafugaji wa eneo hilo wamekubaliana kujenga mahali pamoja pa kupakilia, penye sakafu ya saruji na mashine ya kuoshea kwa mkandamizo, ambapo gari lisiloonyesha kuwa limeoshwa na kukauka halitapakiwa na yeyote kati yao. Eneo limepatikana na shimo la maji machafu limechimbwa. Kinachojadiliwa kwa sasa ni nani atakayelipia dawa na maji, na kama wanunuzi watakatwa sehemu ya gharama hiyo kwa kila nguruwe wanayempakia.